Chupa tisa dirishani: barua ya wazi kwa wasimamizi wa bwawa lililo juu yetu

Mkoa wa Iringa,
mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua.

Kwa wasimamizi wa bwawa la umwagiliaji,
pamoja na viongozi wote mnaopokea taarifa zao.

Waheshimiwa,

YAH: MAJI YENYE TOPE YANAYOTOKA CHINI YA TUTA, NA MENGINE AMBAYO HAYAJAJIBIWA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kamwene. Poleni na majukumu.

Siandiki hadharani kwa kupenda. Barua yetu ya kwanza tuliipeleka kwa mkono Machi mwaka jana, kijana wa masijala akaigonga muhuri, tukaambiwa tusubiri. Ya pili ilikwenda Julai, ikipitia kwa mtendaji wa kijiji kama utaratibu unavyotaka. Ya tatu tuliileta Februari mwaka huu tukiwa watu 4, kwa nauli ya kuchangishana. Tulikaa kwenye benchi la nje tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, ndipo tukaambiwa mhusika yuko safarini. Huyo mhusika yuko safarini tangu tumjue. Tunamwombea afike salama.

Jina la bwawa na la kijiji nimeyaacha kwa makusudi. Ninyi mnayajua, na nakala itakayofika ofisini ina kila kitu, hadi namba za simu. Hapa nimeyaficha kwa sababu mwenzetu mmoja aliyepiga picha mguuni mwa tuta na kuituma kwenye kundi la WhatsApp aliitwa akahojiwa kutwa nzima kwamba katumwa na nani. Picha yenyewe inaonyesha nini, hakuna aliyemuuliza.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: hatulichukii bwawa. Mvua za kwetu zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei, na baada ya hapo ni vumbi na baridi. Kabla ya bwawa, mpunga ulikuwa wa mara moja kwa mwaka, na mwaka mbaya mpunga haukuwepo kabisa. Leo wenye majaruba kando ya mfereji mkuu wanavuna mara mbili. Mtoto wa dada yangu ameezeka nyumba kwa mpunga huo. Anayetaka kutuandika kwenye orodha ya wapinga maendeleo na atafute kijiji kingine.

Mimi ni mkulima, sikusomea uhandisi. Lakini tuta hilo nalijua. Lilipojengwa nilikuwa kibarua, nikibeba mawe ya kupanga upande wa maji, na kwa macho yangu niliona udongo ukimwagwa, ukinyunyiziwa maji, ukishindiliwa tabaka juu ya tabaka. Msimamizi wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa kueleza. Alitwambia tuta la udongo si ukuta wa zege, linazuia maji kwa uzito wake na kwa ule mfinyanzi uliowekwa katikati. Maji kidogo yatapenya tu, hilo halina dawa, ndiyo maana kwa nyuma chini kunawekwa chujio la mchanga na kokoto, maji yatoke na udongo ubaki. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nianze kujaza chupa.

1. Maji ya mguuni mwa tuta yamebadilika rangi

Mkisimama juu ya tuta mkatazama upande wetu, kushoto, karibu na mahali tuta linapokutana na kilima, mtaona kipande cha nyasi mbichi chenye ukubwa kama wa mikeka minne. Ni kibichi hata Septemba, wakati kila kitu kingine kimekuwa rangi ya mbuzi. Hapo pamekuwa na unyevu miaka yote na hatukuwa na neno. Mlinzi wa zamani wa bwawa, ambaye sasa amestaafu na hana mrithi (nitarudi huko), alikuwa akipita hapo kila asubuhi na fimbo yake, anachokoa, anatazama, anaondoka.

Agosti mwishoni alikuja kwangu jioni akasema, "Mdogo wangu, njoo uone kitu." Katikati ya zile nyasi palikuwa na jicho la maji, yanabubujika polepole kama uji unaoanza kuchemka. Kulizunguka jicho hilo kulikuwa na duara la mchanga laini limejijenga, mfano wa kichuguu kinachoanza. Tulikaa kimya sote wawili. Kisha akasema tuchukue ushahidi, maana maneno yetu yana bei ndogo.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa 12 asubuhi, kabla ng'ombe hawajapita, ninajaza chupa ya soda ya nusu lita kwenye jicho lenyewe, si kwenye dimbwi la pembeni. Naandika tarehe kwenye plasta ya karatasi, naibandika, naipanga dirishani. Ziko 9. Za kwanza 4 ukiweka gazeti nyuma yake unasoma. Ya tano ina weusi kidogo chini, upana wa ukucha. Ya saba tope limefika unene wa kidole kidogo. Ya tisa, ya Jumapili iliyopita, ilikaa siku nzima bila kutulia, na ilipotulia ilikuwa na udongo mwekundu, wakati udongo wa bondeni pale ni mweusi. Wekundu huo naufahamu. Ndio tulioumwaga.

Mtaniambia bwawa la udongo lolote linavuja. Nakubali, nimeshasema hivyo mwenyewe. Maji masafi si shida. Maji yakianza kutoka na udongo ndipo pana jambo, kwa sababu udongo huo unatoka mahali. Unaanza kuliwa pale maji yanapotokea, tundu linarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea kwenye maji, na siku likiyafikia linakuwa bomba. Nje tuta linaonekana zima, nyasi zimesimama, ng'ombe wanapita juu.

Nimesoma habari za bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani. Lilikuwa la udongo, refu mita 93, limejengwa na idara ya serikali yenye wahandisi wa kila aina, na umwagiliaji ulikuwa miongoni mwa kazi zake. Tarehe 5 Juni 1976, likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza, asubuhi wafanyakazi waliona maji ya tope yakitoka ubavuni. Wakaleta matingatinga kuziba tundu, matingatinga yakamezwa. Kabla ya saa 6 mchana tuta lilikuwa limekatika. Walikufa watu 11, na hawakuwa wengi zaidi kwa sababu ilikuwa mchana na watu waliambiwa waondoke. Sisemi letu ni Teton. Letu ni dogo mara nyingi. Na sisi pia ni wadogo, hatuhitaji maji mengi ili kuzama.

Kingine: bwawa sasa hivi lina maji nusu tu. Kama jicho linatoa udongo likiwa nusu, likijaa Machi itakuwaje? Kila mita moja ya maji inayoongezeka inaweka tani 1 juu ya kila mita ya mraba ya kilicho chini yake. Hesabu hiyo mnaijua kuliko mimi.

2. Utoro wa maji umezibwa kwa viroba

Hili limetuuma zaidi kwa sababu halikuletwa na mvua wala panya. Limeletwa na mikono.

Msimu uliopita, mvua zilipoelekea kukatika, vijana walilipwa kujaza mchanga kwenye viroba na kuvipanga kwenye utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji yanayozidi, safu tatu kwenda juu, ili bwawa lishike maji zaidi kwa ajili ya mpunga wa kiangazi. Nia naielewa. Hata mimi ningekuwa na jaruba mwisho wa mfereji ningefurahi. Lakini viroba hivyo viko pale mpaka leo, vimeota nyasi, na kimoja kimechanika kikatoa mche wa mpera.

Utoro ndio pumzi ya bwawa. Uliwekwa kwenye kimo kile ili mafuriko yapite pembeni, kwenye mwamba, yasipande juu ya tuta. Tuta la udongo halivumilii maji kupita mgongoni. Mmeona njia ya ng'ombe inavyogeuka korongo kwa masika moja. Ndivyo linavyokatwa, ila kwa saa chache. Duniani kote, maji kupita juu ni miongoni mwa mambo yanayoongoza kuua mabwawa ya udongo. Mwezi Septemba 2023 kule Derna, Libya, mabwawa mawili juu ya mji yalizidiwa na mvua ya kimbunga usiku mmoja, na maelfu ya watu wakaenda na maji baharini.

Mtasema mvua za namna hiyo hazifiki kwetu. Msimu wa 2023/24 zilifika. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka juu ya Katesh. Tarehe 14 Aprili 2024 Mlima Kawetele uliporomoka pale Itezi, jijini Mbeya, ukafunika nyumba na shule. Mbeya si Libya.

Tukiwa bado juu ya tuta: upande wetu umeota vichaka na mikaratusi michanga ambayo hakuna aliyeipanda, na fuko wametoboa. Mzizi ukifa unaacha bomba. Fuko haachi bomba, fuko ndiye bomba. Alipokuwepo mlinzi alikuwa akifyeka na kuziba. Alistaafu, nafasi yake ikatangazwa kwa mdomo, na mdomo huo haujasema tena.

3. Geti linafunguliwa usiku bila taarifa

Juni mwaka huu, saa 8 usiku, geti la kutolea maji lilifunguliwa kwa nguvu. Sababu tuliisikia wiki mbili baadaye: kuondoa mchanga kwenye bomba. Mto ambao jioni ulikuwa wa kuvuka bila kuvua viatu ulipanda mpaka kwenye mapaja. Jirani yangu alipoteza mashine ya kuvuta maji ambayo hajamaliza kuilipia. Mama mmoja aliyelala kwenye kibanda cha kulinda mahindi aliamka mkeka umelowa, akadhani ni mtoto. Mtoto alikuwa nyumbani.

Hatukatai geti lifunguliwe, maana bomba lisiposafishwa linaziba. Tunauliza kwa nini saa 8 usiku, na kwa nini kimya. Mwenyekiti wa kitongoji ana namba ya kila kaya. Ujumbe mmoja wa simu haufiki hata shilingi 100.

Na hilo ni geti tu. Siku tuta likitoa sauti, nani atatuambia, na tukimbilie wapi? Shule ya msingi iko bondeni, ng'ambo ya daraja. Waalimu hawajui maji yatapita upande gani wala yatachukua dakika ngapi kufika. Nimewauliza. Hakuna king'ora, hakuna ramani, hakuna kilima kilichotajwa. Mei 2018 kule Solai, Nakuru, kwa majirani zetu wa Kenya, bwawa la udongo la umwagiliaji lilipasuka usiku wa tarehe 9, likaua watu zaidi ya 40. Waliokufa wengi walikuwa ndani, wanakula au wamelala.

4. Mto umekatwa na vinyungu vimekufa

Wageni wa mkoa huu labda hawajui kinyungu ni nini, kwa hiyo nieleze. Ni bustani ya bondeni. Mvua zikikatika, unyevu unabaki kwenye udongo mweusi wa bonde. Mtu anainua matuta, anaacha mifereji kati yake, anapanda mahindi, maharage, mboga na viazi wakati wa kiangazi, pasipo pampu wala mbolea nyingi. Mama yangu alitusomesha watoto watano kwa kinyungu kisichofika robo eka. Mahindi yake mabichi ndiyo wasafiri wa barabara kuu ya Iringa na Mbeya walikuwa wakiyanunua yamechomwa, wakati mashamba ya juu ndiyo kwanza yanalimwa.

Tangu bwawa lianze kuzuia maji, kuanzia Julai mto unakuwa mstari wa mawe. Kinyungu cha mama kimepasuka nyufa za kuingia mkono. Visima vya ndoo vya pembeni, tulivyokuwa tukichota kwa kamba ya mita tatu, sasa kamba imeunganishwa mara mbili. Yaani maji tunayoyaona yameshiba juu ya vichwa vyetu ndiyo yayo hayo tunayoyatafuta chini kwa kamba.

Najua kuna atakayenitajia mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, nasi hatubishani nayo. Wengi tumerudi nyuma. Ila mita 60 ziliwekwa ili mto uwe na maji. Kwetu mita 60 zipo, mto ndio haupo.

Sera ya Maji ya 2002 na sheria ya maji ya 2009 zimepanga foleni vizuri: maji ya nyumbani kwanza, kisha yanayobaki mtoni kwa ajili ya mazingira, ndipo shughuli nyingine. Jaruba ni shughuli nyingine, hata liwe la nani. Na kijito chetu hakiishii kwetu. Kinaingia Ruaha Mdogo, Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu unakwenda Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, kule chini ya Usangu, na tangu hapo imesemwa mengi kwenye semina nyingi. Mto mkubwa haukaukii palepale unapokaukia. Unaanza kukauka kwenye vijito kama chetu.

5. Fidia

Kaya ambazo mashamba yao yamelala chini ya maji zilithaminiwa, zikapigwa picha zimeshika kibao chenye namba, zikatia dole gumba. Baadhi wamelipwa. Wengine bado, na wawili wameshazikwa. Ibara ya 24 ya Katiba haimnyang'anyi mtu mali bila fidia inayostahili, na Sheria ya Uthamini ya 2016 inautaka uthamini uliokaa zaidi ya miaka 2 bila malipo ufanywe upya. Bei ya ile karatasi ni ya wakati mfuko wa saruji ulikuwa na bei nyingine. Kama mnasema fedha ziko njiani, semeni ziko kituo gani.

6. Kichocho

Kwa ufupi tu. Watoto wanaogelea pembeni mwa bwawa kwa sababu mto hauna maji. Konokono, wale wanaoeneza kichocho, wamejaa kwenye majani ya ukingoni. Wavulana wanakojoa damu na wanaona ni sehemu ya kukua. Dawa ya kichocho ipo na si ya gharama. Kinachotakiwa ni kuja kupima na kufyeka ukingo.

Majibu tuliyokwisha kuyasikia

Tumeambiwa wataalamu walikagua na hakuna tatizo. Vizuri sana. Walikuja lini, walisimama wapi, waliandika nini? Ukaguzi ambao walio chini ya tuta hawawezi kuusoma unatusaidia nini? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake, na sioni jambo muhimu kwa maisha yangu kuliko udongo ulioko kati yangu na maji yale. Kwa bahati, gari la mwisho la ukaguzi tuliliona. Lilifika juu ya tuta mchana wa jua kali, wakashuka watu wawili, wakapiga picha upande wa maji ambao unapendeza kwa kweli, wakanunua samaki, wakaondoka. Mguuni mwa tuta hawakushuka. Ni mteremko mkali, viatu vyao vilikuwa vya ofisini.

Tumeambiwa hakuna bajeti. Bajeti ya umwagiliaji ya nchi ilipanda kutoka shilingi bilioni 46.5 mwaka 2021/22 hadi bilioni 361.5 mwaka 2022/23, tukapiga makofi kama wengine. Kuondoa viroba hakuhitaji bilioni. Tupeni ruhusa kwa maandishi, tutaviondoa kwa siku moja na chakula tutajipikia. Bila maandishi hatugusi, maana tunajua kesho yake tutaitwa waharibifu wa miundombinu.

Tumeambiwa wanaolichakaza tuta ni wananchi wenyewe, kwa kupitisha mifugo. Hapo kuna ukweli na sitauficha. Ng'ombe wanapita juu ya tuta, wa kwetu na wa wageni, na vikao vyetu vya kijiji vimeshindwa kuwakomesha wenye mifugo mingi kwa sababu ndio hao hao wanaokaa mbele kwenye vikao. Lakini njia ya zamani ya mifugo ilifunikwa na maji, na njia mpya iliyoahidiwa haijachongwa. Ng'ombe hawezi kuruka bwawa.

Na tumeambiwa, na hili lilisemwa kwa sauti ya chini na mtu mwenye nia njema, kwamba tukipiga kelele bwawa litafungwa na mpunga utakufa. Ndugu zangu wenye majaruba, nanyi mnasoma hapa: tuta likikatika mpunga utakufa pia, pamoja na mfereji, pamoja na mkopo wa mbolea. Sisi tutakwenda na maji, ninyi mtabaki na tope. Tuko upande mmoja kuliko mnavyodhani.

Tunachoomba

La kwanza na la haraka, mtaalamu wa mabwawa ya udongo aje alitazame jicho la maji ndani ya siku 14 tangu leo, ashuke mpaka chini, na atakachokiona akiseme kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji kwa Kiswahili cha kueleweka. Ile sheria ya maji ya 2009 (Na. 11) na kanuni za usalama wa mabwawa za 2013 zimeuweka wajibu wa usalama kwa mwenye bwawa, hatuombi hisani. Akisema ni hali ya kawaida na akaeleza kwa nini, nitazimwaga chupa zangu mbele ya watu na nitaomba radhi.

Wakati tunamsubiri, maji yashushwe na yabaki chini, na viroba vitoke kabla ya mvua za Novemba kushika. Hili halisubiri kikao.

Mlinzi aajiriwe, apewe panga, daftari na simu. Jicho lile lijengewe mfereji mdogo wa kupimia ili kila siku ijulikane limetoa lita ngapi na za rangi gani. Geti lifunguliwe mchana, baada ya ujumbe kwenda kwa wenyeviti wa vitongoji walau siku moja kabla. Tuchorewe ramani ya mahali maji yatakapopita, ibandikwe shuleni, kwenye zahanati na kwenye vilabu vya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, maana msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, na huko ndiko mtawapata wanaume.

Mto uachiwe maji yake ya kiangazi, kiasi kitakachopimwa na kuandikwa, wala si kuachiwa kwa huruma ya anayeshika ufunguo wa geti wiki hiyo. Fidia na kichocho nimeshavisema, tunataka tarehe.

Majibu tunaomba kwa maandishi. Simu za usiku za kututaka tutulie tumezipokea za kutosha.

Chupa ya kumi nitaijaza Jumapili ijayo saa 12 asubuhi. Mkitaka kuwepo, gari linafika mpaka kwenye mwembe. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu, na njia ina umande, mvae mabuti. Chai itakuwepo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima, mkazi wa chini ya bwawa,
kwa niaba ya kaya zilizotia saini kwenye nakala ya ofisini.

Nakala:
Mtendaji wa kijiji.
Mwalimu mkuu, shule ya msingi ya kijiji.
Wenyeviti wa vitongoji vyote vya bondeni.
Mlinzi mstaafu wa bwawa, nyumbani kwake.